Ncha ya Namba Kumi na Sita

Jumamosi, 3 Februari

Koseti ya Kotone imeondoka! Kaja kuichukua mwenyewe jioni hii, kaikumbatia kifuani, kainama mlangoni mara sijui ngapi. Kila kazi ikivuka mlango huu naanza kuogopa. Kamba ikikatika je? Chuma kikitoboa bitana je? Mama ananicheka. Anasema nguo zangu nazifanyia matanga zikiwa bado hai.

Lakini hii si kazi ya kuchezea. Kotone siku za kazi ni karani wa benki, sketi ya kijivu, nywele zimebanwa. Jumapili hugeuka malkia wa vita. Mashindano ya kosplei, ya kuvaa na kuigiza wahusika wa katuni, ni tarehe 11, jukwaa kubwa, watu wanakuja hata kutoka Hokkaido, na yeye atacheza na upanga, ataruka, atabiringika sakafuni. Nguo yote nimeishona mimi, ila kinachoibeba ni koseti, kile kibana kiuno: kitambaa kizito tabaka mbili, vyuma kuzunguka kiwiliwili chote, bitana ya hariri rangi ya pichi. Akishinda, jina la duka letu litatajwa mbele ya watu. Ikimpasukia, litatajwa vilevile.

Mama kaniudhi leo. Mchana nilitoka kwenda kwenye maduka ya vitambaa kutafuta kamba nyeusi, nikamwachia mifereji miwili ya mwisho ya kupitishia vyuma. Kwa mkono, nilimwambia. Kwa mkono! Nimerudi nimekuta kazi imekwisha, imeshonwa kwa cherehani, na cherehani imefunikwa vizuri utadhani hakuna aliyeigusa.

Tulishakubaliana Mwaka Mpya. Macho yake siyo yale. Ikifika siku ya sindano, ya kuziaga zilizovunjika, tarehe 8, cherehani basi, abaki na kazi za mkono ambazo hakuna anayemfikia mtaa mzima wa Nippori. Alikubali. Kwa mdomo.

"Tarehe nane haijafika," ndivyo alivyonijibu.

Mshono wenyewe umenyooka. Nikanuna tu.

Usiku tumerusha maharage ya kufukuza balaa. Mashetani nje, bahati ndani! Mama karusha kwa mkono wa kushoto, yote yakanipiga mimi usoni. Nikamwambia, Mama, shetani yuko mlangoni, siyo hapa. Akasema kwa umri wake hawezi kuwa na uhakika.

Jumatatu, 5 Februari

Theluji! Tangu mchana haikatiki. Hakuna mteja hata mmoja, treni zinasuasua. Nimekata patroni, karatasi ya kielelezo, ya gauni la mteja mmoja wa Saitama, nimeharibu, nimekata tena.

Mama kashinda na glovu za sufi ndani ya nyumba. Mkono wa kulia unamuuma kwa baridi, anasema. Wali kaula kwa kijiko.

"Vijiti vimekukosea nini?"

"Vinateleza."

Basi. Halafu alasiri nimeingia karakana nikamkuta kapiga magoti chini ya meza ya cherehani, sumaku mkononi, anaipitisha kwenye mikeka. Anatafuta kifungo, anasema. Kifungo gani? Kifungo tu. Nimemwinua. Kakasirika kwa kuinuliwa.

Naogopa kuliandika hili lakini hapa hakuna anayesoma. Naogopa akili yake imeanza kuteleza. Wiki iliyopita alichemsha maji mara mbili akasahau chai mara mbili. Sasa vifungo ambavyo havipo. Tuko wawili tu nyumba hii. Akianza kupotea, nitapotea naye.

Kotone kanitumia picha ya mazoezini, kafungwa kamba hadi mwisho, kiuno chembamba, kacheka meno yote nje. Anasema inakwaruza kidogo ubavu wa kushoto lakini ni sawa tu. Nimemjibu koseti mpya huwa zinauma, itamzoea.

Jumatano, 7 Februari

Sijui nianzie wapi.

Kesho siku ya sindano, kwa hiyo leo nimeshusha kopo la biskuti. Humo ndimo tunamoweka zote zilizovunjika na kupinda kwa mwaka mzima. Na kwetu kuna amri moja, Mama kanifundisha nikiwa mdogo, kwa makofi: sindano ikivunjika, cherehani inazimwa, hakuna kunyanyua mguu, hakuna kupokea simu, hata nyumba iwake moto, mpaka vipande vyote vimeonekana. Vinalazwa mezani vikaungana. Shina na ncha. Ndipo vinaviringishwa pamoja kwenye kikaratasi, ndipo vinaingia koponi.

Nimefungua vikaratasi kimoja kimoja. Shina na ncha, shina na ncha. Halafu chini kabisa, bila karatasi — shina peke yake. Limekatika katikati ya tundu. Ncha hakuna.

Sindano ya cherehani, nene, namba kumi na sita.

Namba hiyo siigusi ila kwa kitambaa cha koseti. Pakiti niliinunua mahususi kwa kazi ya Kotone. Haijashona kitu kingine chochote!

Nilikwenda jikoni shina likiwa kiganjani.

"Mama, hii ilivunjika lini?"

Kaitazama. "Sindano zinavunjika. Ndiyo maana zimepewa siku yao."

"Ncha iko wapi?"

"Ncha gani?"

"Mama! Ncha!"

Akageukia figili zake, akaendelea kumenya, kwa shida, kisu mkono wa kushoto. Kasahau au anadanganya? Sijui kipi kinanitisha zaidi. Mama wa zamani angeng'oa mbao za sakafu kwa meno.

Ndipo nikakumbuka. *Inakwaruza kidogo ubavu wa kushoto.*

Nilikaa chini palepale karibu na friji.

Mashine ya kunusa sindano ninayo, kila nguo naipitisha, ikikuta chuma inalia. Lakini koseti ni chuma kitupu! Italia kutoka juu hadi chini. Kwa hiyo huwa naipitisha kabla ya kutia vyuma. Na ile mifereji miwili ya mwisho Mama kaishona vyuma vingine vikiwa ndani tayari. Haikunuswa. Imetoka nyumbani kwangu bila kunuswa, nami nilikuwa nimenuna, sikukumbuka.

Na koseti si shati, haiyumbi mwilini. Inafungwa mpaka pumzi inakuwa ya juu juu. Kitu chenye ncha kikiwa ndani, hakina pa kwenda ila ndani zaidi. Atabiringika nacho sakafuni, Jumapili, mbele ya watu wote.

Nimempigia, hapokei, yuko kazini. Nimeandika ujumbe nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta. Mwisho nimemwambia nataka kuimarisha matundu ya kamba, aniletee kesho.

Matundu ya kamba! Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 8 Februari

Tumekwenda hekaluni Asakusa kama kila mwaka. Theluji imebaki pembeni mwa njia, chafu. Akina mama wamevaa kimono zao, foleni, bonge la tofu, jibini la soya, mezani, laini, limejaa sindano. Zimefanya kazi ngumu maisha yao yote, zipumzike mahali pororo. Kila mwaka napenda siku hii. Leo nilisimama pale nimeshika shina mfukoni, sikuweza kulichomeka. Ningelilazaje na nusu yake bado iko kazini?

Mama kachomeka zetu zote kwa mkono wa kushoto, glovu ya kulia hakuivua. Kafumba macho muda mrefu hata mama wa nyuma yetu akakohoa. Alikuwa anaomba nini? Midomo ilimcheza. Usoni mwekundu, nikadhani baridi.

Jibu la Kotone likaja tukiwa palepale. Matundu ni imara sana, dada Orie, usijali, nitaileta baada ya mashindano! Na kapicha ka kapaka kanainama.

Nikavumilia hadi kwenye treni. Halafu nikaandika moja kwa moja, bila kusoma nilichoandika: huenda kuna ncha ya sindano ndani ya koseti, upande wa kushoto, usiivae hata kidogo, kosa ni langu, nisamehe. Nikatuma.

Alama ya kuonyesha kasoma ikatokea hapohapo. Halafu kimya.

Kimya mpaka sasa! Nimeosha vyombo, kimya. Nimepiga pasi pindo, kimya. Ana wafuasi wengi mtandaoni, akiandika sentensi moja tu duka limekwisha, hakuna mtu atakayevaa nguo iliyotoka kwa mwanamke anayepoteza sindano. Nimefungua ukurasa wake nikautazama kama mara kumi. Halafu nikaona aibu. Msichana huenda ana chuma kwenye ubavu, na mimi nahesabu wateja! Yote mawili naogopa, ndio ukweli. Ila la ubavu ndilo kubwa.

Nimemwambia Mama nimeshamwandikia Kotone. Kaangusha upawa.

"Ungeniuliza kwanza."

"Nilikuuliza jana!"

Kauokota. Halafu, bila kunitazama: "Haimo humo."

"Umejuaje?"

"Najua tu. Usiifumue. Kazi nzuri ile, usiifumue."

Nikamwangalia. Mwanamke aliyenichapa kwa ajili ya ncha za sindano, leo anasema najua tu. Nimekwenda chooni nikalia, maji nikayaacha yatiririke asisikie.

Ijumaa, 9 Februari

Ndefu leo. Lazima niiandike yote kabla haijanichanganya.

Kotone kaja saa ya chakula cha mchana, na sare ya benki, koti halijafungwa, koseti kaibeba kwa mkono ulionyooka mbele yake. Hajainama mlangoni. Kaiweka mezani, karudi nyuma.

"Nimelala nayo, dada Orie," kasema. "Jumanne. Nilitaka mwili uizoee. Nimelala nayo usiku mzima!"

"Nionyeshe ubavu."

Kapandisha blauzi mbele ya dirisha bila kujali. Alama nyekundu, ndefu, chini kidogo ya titi la kushoto. Nikamshika, nikambonyeza pole pole, hapa? Hapa? Panachoma?

"Panauma. Sijui kama panachoma. Mimi siwezi kujua tena, tangu jana kila mahali panachoma!" Akaanza kulia, kamasi na yote. "Kwa nini uliniambia matundu ya kamba?"

"Niliogopa."

"Mimi je?"

Mama alikuwa kasimama mlangoni na sinia la chai, vikombe vinagongana. Kafungua mdomo kama anayetaka kusema neno. Kisha kaweka sinia, kageuka, kaenda zake. Hata hakumsalimia mgeni.

Nikapapasa koseti kwa ndani, upande ule wa alama. Kuna kitu! Kigumu, cha bapa, pembe yake imejikunja. Nikavuta. Ni pakiti ya joto, zile za kubandika ndani ya nguo zikupashe moto, imegandia kwenye hariri.

Kotone kaitazama. Kajifuta pua. "Ilikuwa baridi mazoezini," kasema kwa sauti ndogo.

Tulicheka! Tulicheka vibaya mno, kama wagonjwa. Alama ni ya pembe ya pakiti. Lakini kicheko kilipokwisha shina bado lilikuwa mezani, halina ncha. Nikamwambia: nitaifumua yote, kila mshono, nikiipata au nisiipate nitakuambia ukweli, na kesho jioni nitakuwa nimeirudisha. Akasema, basi fumua, dada. Akarudi benki.

Nikafumua.

Nimeshona miaka mingi, sijawahi kufumua kitu huku nikiomba. Nimetoa vyuma vyote, nimevilaza sakafuni kwa mpangilio. Nimetenga bitana, nimetenga tabaka la juu na la chini, uzi nimeukusanya pembeni. Kila kipande nimekipitisha kwenye mashine ya kunusa. Ikae kimya, nilikuwa nasema, halafu nasema hapana, ilie, ilie niipate! Ilikaa kimya. Kipande cha mwisho, kimya. Nyuzi nazo, kimya. Nimepitisha sumaku kwenye meza, kwenye mikeka, kwenye soksi zangu.

Haimo. Mama kasema haimo, na kweli haimo.

Nikaishika bitana dirishani kuikagua kwa jicho. Na hapo, kwenye mfereji wa mwisho, nikaona duara. Hafifu, kubwa kama ukucha, ukingo wake kama wa maji yaliyokauka. Mtu mwingine asingeliona. Mimi nalijua tangu utoto.

Fundi akijichoma, damu ikidondokea kitambaa, anatafuna uzi mweupe hadi ulowe mate yake, anagongagonga doa nao. Mate ya mwenye damu ndiyo yanayoitoa, ya mtu mwingine hayafai kitu. Mama kanifundisha. Damu inaondoka, ila kwenye hariri mate yanabakiza duara. Kimono ngapi nimeziona zina duara hilo upande wa ndani!

Sikujichoma mimi. Mimi sikushona mfereji ule.

Kijiko. Glovu. Kisu mkono wa kushoto. Maharage usoni kwangu!

Nimepanda ngazi mbili mbili. Alikuwa kalala, taa haijawashwa, koti juu ya blanketi.

"Mama, nipe mkono."

"Upi?"

"Unajua upi."

Hakukataa. Kanipa. Nimevua glovu pole pole na hata hivyo kaguna. Ee Mungu. Kidole cha kati kimevimba hadi hakina pingili, kimekolea wekundu, kimeng'aa, na ile kastabani yake ya shaba, ile pete anayosukumia sindano, haivui hata akioga, imezama ndani ya nyama. Juu ya pete, kwenye ukucha, tundu dogo jeusi. Kutoka hapo mstari mwekundu umeanza kupanda kiganjani. Mwili unawaka moto.

"Nilidhani imeanguka chini," kasema. "Nilitafuta. Wewe ukaniinua. Halafu Jumanne kidole kikaanza kuniambia chenyewe."

"Jumatano nilikuuliza!"

"Uliniuliza."

"Nimemtisha mtoto wa watu! Nimefumua koseti nzima! Mama, kwa nini?"

Kageuzia uso ukutani.

"Ulisema tarehe nane," kasema. "Nikasema nishone mshono mmoja wa mwisho, mmoja tu, wa kuagana nayo. Nao ndio umeniharibikia. Ningekuambiaje? Ungesema, unaona?"

Ningesema. Hilo ndilo linaloniuma. Ningesema neno lilelile, kwa sauti ileile.

"Nilikuogopa," kasema Mama.

Nimempa maji. Nimemfunga barafu kwenye taulo. Anakataa gari la wagonjwa, majirani watachungulia, asubuhi tutaenda kwa teksi, mikono haikimbii. Nimempigia nesi wa zamu simu, kaniambia mlete sasa hivi. Basi naandika hili huku nasubiri teksi. Mama anatafuta koti zuri. Hospitali haendi na koti la jikoni, anasema!

Jumamosi, 10 Februari

Hospitali. Benchi la ghorofa ya pili. Jana walimtia dawa ya mshipani usiku kucha, homa imeshuka, ikapanda tena.

Wamenionyesha picha ya eksirei. Iko pale! Kipande cheupe, chembamba, kimelalia mfupa. Nilitoa shina mfukoni, daktari akalilaza kwenye kioo kando ya picha. Vinaungana. Shina na ncha. Siku tatu nimeitafuta kwenye mwili wa msichana wa watu, na ilikuwa nyumbani kwangu, inakula wali kwa kijiko.

Daktari kijana, mpole, anaongea haraka. Usaha umeanza kuingia kwenye njia ya mshipa wa kukunjia kidole. Wanapasua leo. Huenda kidole kisikunjike tena. Huenda… hakumalizia, nami sikumwomba amalizie. Mama kasikia yote. Kauliza kitu kimoja tu: kile cha kati ndicho kinachosukuma sindano, unajua? Daktari kasema hakujua.

Kotone yuko hapa. Nilimwandikia ukweli wote alfajiri, safari hii sikufuta neno. Nilidhani atasema nirudishie vipande vyangu. Kaandika, Bibi kwanza (ndivyo anavyomwita Mama), na baada ya muda kaja mwenyewe, na mkoba wa vipande vyote niliouacha kwa jirani jana nikitoka. Tuko benchini tunashona koseti kwa mkono. Mimi nashona, yeye ananitungia uzi. Hajui kutunga, analamba uzi mpaka unalowa chapa. Kesho atapanda jukwaani au hatapanda, hajalitaja. Mimi pia sijathubutu kumuuliza.

Asubuhi walipomtoa chumbani kwa machela kumpeleka kupasuliwa, Mama alitupita hapa. Kainua kichwa, kaitazama kazi.

"Umevuta sana," kaniambia. "Upande wa kushoto. Itamkaba mtoto."

Nikafumua, nikashona tena. Kweli nilikuwa nimevuta.

Sasa kuna jambo. Nesi katoka, uso umemchoka. Pete lazima ikatwe kabla hawajapasua, kidole kinakufa chini yake. Wana kifaa, kamsumeno kadogo ka kuzungusha kwa mkono. Mama hataki. Kila wakikisogeza anaukumbatia mkono kifuani. Kawaambia wakate kidole, pete waiache. Kapewa na fundi aliyemfundisha, akiwa msichana. Imesukuma kila kimono aliyoshona.

"Mwambie Mama nakuja kumshika," nimesema.

"Hataki kushikwa," kasema nesi. "Anasema ukate wewe."

Mimi?

"Anasema binti yake anakata chuma kila siku. Daktari amekubali, tutakuongoza, lakini njoo sasa hivi."

Kotone kaninyang'anya koseti mapajani. Nenda, dada, nenda! Nesi kashikilia mlango kwa mguu. Naandika nimeshasimama. Namsikia Mama huko ndani ananiita. Siyo Orie. Ananiita fundi.

Anasema, fundi, njoo, nimeunyoosha mkono —